Hasi Tatu kwenye Kadi ya Jonah

Sherikat, Juba
14 Aprili 2025

Baba mkwe wangu mpendwa, Mwalimu Yangi,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Jonah. Natumaini uvimbe wa mguu wa Mama umepungua, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyompa dereva Edrine ilimfikia. Basi lake linaweza kulala mpakani Nimule siku mbili, lakini barua na vifurushi vyake havipotei. Kimadi changu, lugha yenu, bado ni kile cha kuombea maji tu, kwa hiyo nivumilie na Kiswahili hiki cha Busia.

Sisi tuko wazima. Mvua zimeanza, na njia ya kutoka nyumbani kwenda suk, yaani sokoni, imekuwa tope, hata raksha zinakwama na abiria wanashuka kusukuma. Cherehani inafanya kazi. Nimepata oda ya sare za shule moja hapa karibu na daraja, mashati mia moja na ishirini, na nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Jonah anasimama kwa kushikilia kibao cha cherehani. Ana meno sita sasa, na yote anayajaribu kwenye kitambaa changu.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya Mama ikilia husikilizwa na nyumba nzima, na neno hili sitaki alisikie kabla hatujalielewa sisi wawili. Wewe umefundisha hisabati miaka thelathini. Labda utanifungulia.

Siku nne zilizopita nilimpeleka Jonah kliniki kwa chanjo. Wakamlaza kwenye ubao wa kupimia, wakampima na uzito. Sista Charity, muuguzi wa pale, akaandika kwenye kadi. Akampima tena. Urefu sentimita 75.8, uzito kilo 9.6. Chini yake akaandika Z, na mbele ya Z akaandika hasi tatu, kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, "Sista, hasi tatu ni nini?"

"Ni alama ya urefu wake."

"Lakini urefu mmeupata. Sabini na tano na nukta nane. Hasi imetoka wapi?"

"Mama Jonah, maana yake yuko chini sana. Asilimia sifuri nukta moja."

Baba, mimi nilifika darasa la saba. Ninavyojua, hasi ni pungufu ya kutokuwa na kitu. Mtoto nimembeba mgongoni, mzito, ananivuta nywele, halafu karatasi inasema ni pungufu ya kutokuwa na kitu! Na hiyo sifuri nukta moja kwa mia, ni mtihani gani aliofanya akapata alama hizo? Sista amesema nimrudishe kila mwezi, na asipobadilika watamtuma kwa daktari wa hospitali kubwa atolewe damu. Aliniuliza mara tatu ninampa chakula gani. Wanawake kwenye foleni waligeuka kunitazama.

Tafadhali nieleze. Nimechanganyikiwa sana.

Mkweo,
Josline


Adjumani
3 Mei 2025

Mwanangu Josline,

Barua yako imefika pamoja na dawa. Mama anakusalimu. Uvimbe umeshuka, sasa anafika mpaka jikoni kwa mkongojo na kumkosoa kila anayepika. Anamuuliza Jonah kila asubuhi kama vile yuko chumba cha pili. Tangu mwanangu Fulgensio atutoke, ni jina la mtoto huyo tu linalomfanya aketi wima. Kuhusu kliniki sijamwambia, na umefanya vizuri kuandika.

Sasa tulia, nikueleze kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi, ila nitatumia kazi yako.

Ukiletewa oda ya mashati ya watoto wa darasa moja, hushoni saizi zote kwa idadi sawa. Unashona mengi ya kati, machache ya wadogo, machache ya wakubwa, na moja au mawili ya yule mrefu kupita wote. Ukizipanga saizi hizo mezani na kuweka mashati juu yake, katikati patainuka na pembeni pote patateremka, kama kengele iliyowekwa chini. Watu wa hisabati wanauita mgawanyo wa kawaida. Urefu wa watoto wa umri mmoja hufuata umbo hilo.

Katikati ya kengele ndipo ulipo wastani. Kwa mvulana wa miezi ishirini, kama Jonah, wastani ni sentimita 84.2. Nimeupata kwenye jedwali la kituo cha afya hapa, waliniazima. Kisha kuna hatua. Hatua ni kipimo cha jinsi watoto wanavyotofautiana kwa kawaida, na kwa umri huo hatua moja ni kama sentimita 2.8. Sasa chukua urefu wa Jonah, toa wastani: 75.8 kutoa 84.2 ni hasi 8.4. Gawa kwa hatua: hasi 8.4 kwa 2.8 ni hasi tatu. Z ndiyo hiyo. Hasi haimaanishi mtoto ni pungufu ya kitu. Inamaanisha yuko upande wa kushoto wa katikati, umbali wa hatua tatu. Mtoto aliye katikati kabisa ana Z ya sifuri, na hiyo sifuri ni habari njema.

Katika watoto elfu moja wa umri mmoja, kama mia sita na themanini huwa ndani ya hatua moja kutoka katikati, huku na huku. Mia tisa na hamsini huwa ndani ya hatua mbili. Ndani ya hatua tatu wamo mia tisa tisini na saba. Waliobaki nje ni watatu tu, na nusu yao ni warefu. Kwa hiyo walio wafupi kuliko Jonah ni mmoja, labda wawili, kati ya elfu. Ndiyo ile sifuri nukta moja kwa mia. Si alama ya mtihani. Ni nafasi yake kwenye foleni, ukiwapanga watoto kuanzia mfupi.

Nikikuambia kwamba mimi mwenyewe nimeelewa, nitakuwa nadanganya. Hesabu naielewa, mtoto simwelewi. Fulgensio alikuwa mrefu. Alipokuwa na umri huo alikuwa akivuta kitambaa cha meza na vikombe vyote vinakuja chini. Nimeirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea kutoa.

Kosa la kawaida katika mambo haya huwa ni dogo. Karani anaandika mwezi wa nane badala ya wa kumi, na mtoto analinganishwa na wasio wenzake. Hebu angalia wameandika tarehe gani ya kuzaliwa. Inapaswa kuwa 11 Agosti 2023.

Baba yako,
Yangi


Sherikat, Juba
9 Juni 2025

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Nafurahi anafika jikoni. Mwambie Jonah anamsalimu, ameanza kutembea hatua mbili tatu halafu anakaa kwa kishindo na kucheka.

Nimechelewa kujibu, malesh, nisamehe. Kulikuwa na kazi nyingi. Yale mashati waliyarudisha thelathini, kola zilikuwa pana.

Mfano wa mashati niliuelewa. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikausoma tena. Tarehe iliyo kwenye kadi ni hiyo uliyoandika. Hakuna aliyekosea.

Nilikuwa nataka kuuliza kitu kingine, hivihivi tu. Kama fundi ameambiwa oda ni ya darasa la tano, kumbe watoto ni wa darasa la tatu, mashati yakiwapwaya, hapo mtoto ana ugonjwa?

Usihangaike kujibu ikiwa una shughuli. Kliniki wamempima tena, bado wamenuna. Mimi naona wauguzi nao ni binadamu na ubao wao ni wa zamani.

Josline


Adjumani
2 Julai 2025

Mwanangu Josline,

Tuko salama. Mvua imeangusha mtama wa jirani, wetu umesimama. Mama ameanza kufuma sweta la Jonah. Aliniuliza kipimo cha kifua nikamwambia afume kubwa, watoto hukua. Akasema, "Mbona unajibu bila kunitazama?" Nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Swali lako la fundi: hapana. Mtoto huyo hana ugonjwa wowote. Shati ndilo lililokatwa kwa darasa lisilo lake.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana si vizuri nikae nacho peke yangu. Niliporudishia kituo jedwali lao, nilinakili kwanza safu mbili, ya urefu na ya uzito. Siku moja baada ya ibada niliiteremsha kalamu kwenye safu ya urefu nikitafuta 75.8 iko wapi kama wastani. Sikuipata kwenye miezi ishirini, wala kumi na minane, wala kumi na mitano. Niliipata kwenye miezi kumi na miwili: wastani 75.7, hatua 2.4. Z inakuwa sifuri nukta sifuri nne. Nafasi yake kwenye foleni ni ya hamsini na mbili kwa mia, yaani katikati, kidogo upande wa warefu. Nikaenda kwenye uzito. Wastani wa miezi kumi na miwili ni kilo 9.6, bila kuzidi wala kupungua. Meno sita. Kusimama kwa kushikilia. Vyote vinasema neno moja.

Nataka niwe mkweli kwa hesabu yenyewe. Mmoja kati ya elfu si hakuna. Juba ina watoto wengi, na watoto wa hasi tatu wapo kweli, na wengine wana afya yao. Mtu asiyejua hesabu husema "haiwezekani". Mimi siwezi kusema hivyo. Naweza kusema tu kwamba kuna maelezo mawili. La kwanza linahitaji mtoto mmoja wa ajabu kati ya elfu, tena urefu wake, uzito wake na meno yake vyote vikubaliane kurudi nyuma kwa miezi minane. La pili halihitaji ajabu yoyote. Linahitaji tarehe nyingine tu.

Fulgensio alifariki Februari 2023. Hilo tunalijua sote wawili na sina haja ya kuhesabu.

Sikuulizi kitu, Josline. Nimeandika swali mara mbili na kulifuta mara mbili, utaona karatasi ilivyochubuka. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sijawahi kuwa hakimu, na kwa miaka hii miwili umenipigia simu kila Jumapili, jambo ambalo watoto wangu wengine hawafanyi. Ila kitu kimoja nakiomba. Usikubali mtoto atolewe damu na kupewa dawa kwa ajili ya namba. Dawa za watoto hupimwa kwa umri na uzito. Namba ikiwa ya uongo, dawa haitajua.

Mama anataka kuja huko Krismasi, au wewe uje. Nimemwambia tutaona.

Yangi


Sherikat, Juba
21 Septemba 2025

Baba,

Sijui nianze na salamu gani. Edrine ameniuliza mara nne kama nina barua ya Adjumani, nikamwambia bado. Jumapili nne simu yangu ilikuwa imezimwa, si kwamba ilikuwa mbovu. Unajua hilo.

Juzi walikuja nyumbani afisa wa ustawi wa watoto na Sista Charity. Walikaa kwenye benchi la wateja. Afisa akafungua faili na kusema, "Mtoto huyu kwa miezi mitano anakua lakini hafikii. Tunataka kujua anaishije." Akauliza majirani ni akina nani, maana atawahoji. Baba, majirani wanajua. Wakiulizwa watasema ukweli, na afisa atauliza nina karatasi gani, na mimi sina karatasi. Wakimchukua nitakufa. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, kabla ya wao.

Tulipomzika Fulgensio nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na niliyowaambia pale matangani yalikuwa kweli. Mtoto alikuwa wa Fulgensio. Alizaliwa tarehe 11 Agosti 2023, hiyo nayo kweli. Alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi, na masikio ya Fulgensio, yale yaliyokunjika juu.

Mama alipiga simu mchana ule ule. Nilikuwa bado nimelala kitandani. Akauliza, "Umejifungua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Wa kiume?" Nikasema ndiyo, wa kiume, na nilikuwa navuta pumzi niseme lililobaki. Mama akapiga vigelegele. Nikasikia nyumba nzima inapiga vigelegele, na wewe ukaita kwa mbali, "Mungu mkubwa!" Halafu simu ikakatika.

Niliishika ile simu. Nilijiambia nitawaambia kesho. Kesho yake Mama akaniambia ameinuka kitandani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, amekula ugali. Ningemwambia nini? Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mkauliza ameanza kucheka, nikasema ameanza. Mkauliza ameota jino, nikahesabu miezi kwa vidole nikasema ameota. Nilikuwa namkuza mtoto kwa mdomo. Mkiomba picha nasema simu haina kamera. Usifikiri nilikuwa nacheka. Nilikuwa nikikata simu natapika.

Mwanamke niliyefanya naye kazi wakati ule, Nyakuon, alikuwa akiishi kambini Mangateen na kuja kwangu kutia vifungo kwenye mashati. Alikuwa mja mzito, na mume wake hajulikani alipo tangu vita vya kwao. Alijifungua tarehe 9 Aprili 2024. Naijua tarehe kwa sababu Mama Agum, mkunga wa kambini, huwaandika watoto wote kwenye daftari lake. Baada ya wiki nne Nyakuon alishikwa na homa na hakupona. Hakukuwa na ndugu. Mama Agum alinikabidhi mtoto mbele ya mchungaji na wanawake saba. Nilimlea kwa maziwa ya kopo na kijiko.

Sikumchukua ili niwadanganye. Naomba uliamini hilo hata kama mengine yote huyaamini. Nilimchukua kwa sababu alikuwa analia na mimi nilikuwepo. Lakini nilipofika naye nyumbani, Jumapili ikafika, mkauliza Jonah hajambo, na safari hii alikuwepo mtoto wa kuitika. Nikasema hajambo. Kliniki walipouliza tarehe, mdomo ukataja ile ile niliyozoea kuwatajia ninyi. Sikujua kuna jedwali. Sikujua mahali popote duniani kuna karatasi inayojua mtoto wa miezi ishirini anapaswa kuwa na urefu gani.

Wa kwanza nilimzika Rejaf, kwenye shamba la familia ya rafiki yangu mshonaji, juu kidogo ya mto. Nimeweka mawe.

Si mjukuu wenu wa damu. Sasa nimesema. Jina Yangi mkitaka litoke, nitalitoa. Naomba tu uniambie nimwambie nini yule afisa. Anarudi mwishoni mwa mwezi wa kumi.

Josline


Adjumani
12 Oktoba 2025

Mwanangu Josline,

Sijaweka habari za mbuzi wala mtama mwanzoni mwa barua hii, utanisamehe.

Niliposoma nilikasirika. Nakuambia ili usidhani mimi ni malaika. Nilitembea mpaka barabara ya Nimule na kurudi, na njiani nilikuwa nakusemea maneno ambayo sitayaandika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikwisha kujua. Tangu Julai nilijua kwamba tarehe si yake, na nilichokuwa nakiomba moyoni ni kwamba usijibu. Nilikuwa naomba barua ipotee. Mzee mzima, mwalimu, naomba kutojua! Kwa hiyo uongo huu ulipofika mwezi wa saba ulikuwa na wenyewe wawili.

Ila hili la mtoto aliyezaliwa amekufa sikulikisia. Hesabu haikuniambia. Nilidhani mambo mengine, mambo ambayo watu hudhani juu ya mjane kijana, na nayaonea haya sasa.

Nilimsomea Mama. Nilifikiri sana kama nisimsomee, kisha nikaona kwamba kwa miaka miwili nyumba hii imekuwa ikikingwa dhidi ya ukweli, na hakuna aliyepona kwa ajili hiyo. Nilimsomea yote, neno kwa neno, tukiwa wawili. Nilipofika kwenye masikio alinizuia. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Alilia siku tatu. Hakutaka wageni. Siku ya nne aliniita, alikuwa ameshika lile sweta.

Akaniuliza, "Yule wa Rejaf alipewa jina gani?"

Nikasema hukuandika.

"Muulize. Na huyu mwingine, sweta hili litamtosha au nimelifuma kubwa?"

Nikamwambia litakuwa kubwa, ana mwaka na nusu tu.

"Basi atalikulia," akasema, akaendelea na mkono wa kushoto.

Sijui kama huo ni msamaha. Nimeishi naye miaka arobaini na sita na mara nyingine bado simsomi. Mimi mwenyewe sijui ninachosikia. Nina huzuni ya mjukuu ambaye nilishamfurahia miaka miwili, na nina furaha ya mtoto ambaye si wangu, na vyote viko mahali pamoja, siwezi kuvitenganisha.

Ya afisa ni haya. Usimngoje. Nenda wewe kliniki na Mama Agum, na daftari lake, na mchungaji. Sema tarehe 9 Aprili 2024. Taja jina la Nyakuon, liandikwe kama mama aliyemzaa, mtoto asije akalikosa akikua. Omba wakuelekeze njia ya kupata karatasi za malezi. Nimeweka humu barua yangu kwa afisa, nimeiandika kwa Kiingereza na kuitia sahihi, kwamba mimi na mke wangu tunamtambua mtoto huyu kama mjukuu wa nyumba yetu.

Jina Yangi lisiguswe.

Tunakuja Novemba. Mama amekataa kuambiwa habari ya mguu.

Baba yako,
Yangi


Sherikat, Juba
2 Novemba 2025

Baba na Mama wapenzi,

Salamu nyingi sana. Naandika haraka, Edrine ananisubiri injini ikiunguruma.

Tulikwenda kliniki Jumatano. Sista Charity aliposikia alinifokea mbele ya foleni. "Miezi sita tunatafuta ugonjwa wa mtoto, kumbe ugonjwa ni wako!" Nilikubali. Mama Agum alifungua daftari, mchungaji akasema yake, afisa akaisoma barua yenu mara mbili na kuuliza kama mzee huyu ni wakili. Karatasi bado hazijaisha, tumepewa tarehe ya kwenda mahakamani, lakini afisa alisema mbele ya wote kwamba mtoto anabaki alipo.

Kisha wakampima. Sentimita 82.0. Sista alitaka kuingiza kwenye simu yake nikamwambia ngoja. Miezi kumi na minane, jedwali lao linasema wastani 82.3, hatua 2.7. Nikatoa, nikagawa, kwenye kisanduku cha chaki za kushonea. Nikasema hasi sifuri nukta moja. Akaangalia simu, akaniangalia mimi. "Kama arobaini na sita kwa mia," akasema. Nikamuuliza, "Hiyo hasi ni mbaya?" Akacheka kwa mara ya kwanza. "Huyo ni mtoto kama watoto, Mama Jonah. Mpeleke nyumbani."

Nilitembea na kadi mkononi mpaka darajani, sikupanda raksha. Nilikuwa sijui nicheke au nilie, na Jonah alikuwa ameshika sikio langu akilivuta.

Mama, umeuliza jina. Hakuwa nalo. Lile la Jonah nililitaja kwenu kwenye simu, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwita. Mkunga aliponiuliza nilishindwa, na mchungaji alimwombea kama mtoto tu. Nilitaka kuwaandikia jina nililochagua peke yangu wiki hii, nikaona hapana, hilo si langu peke yangu.

Teremkeni hapa Sherikat, kabla basi halijavuka daraja, nitakuwa nimesimama hapo na Jonah. Siku ya pili tutakwenda wote Rejaf. Njooni na jina lake.

Josline wenu